Nilivyosifu Kaunti ya Watu

Kwetu Burundi ukienda kuposa hawakuulizi kwanza mshahara. Wanakuuliza kilima, maana kwetu kijiji ndiyo kilima. Umetoka kilima gani, komine gani, yaani tarafa, nani alikaa hapo kabla yenu, mlifikaje, na mbona majirani bado wanawasalimia. Ukijibu vizuri unapewa kinywaji. Ukibabaika unapewa kinywaji pia, maana sisi si washenzi, lakini binti hupewi.

Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji wa posa nikiwa na miaka ishirini na minne, darasa la saba la kambini, na Kiswidi cha kuombea radhi kwenye basi. Aliyenichagua ni rafiki yangu. Tulikua wote kambini Kigoma. Ukuta kati ya nyumba yao na yetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba baba yake akipiga chafya, mama yangu huku anasema afya. Halafu wakaja watu wa kugawa watu. Wenzetu wakapelekwa Amerika, jimbo la Aiowa. Mimi na mama tukaletwa Sweden, tukaishia Fittja, ghorofa ya sita. Hakuna aliyechagua. Ilikuwa kama kugawa maandazi msibani: wewe shika hili, wewe lile, songa mbele.

Binti aliyempenda alitoka kambi ileile, na yeye na wazazi wake wakaangukia Södertälje. Kwa hiyo mapenzi yakahamia kwenye simu, kisha kwenye kompyuta, miaka mitatu, mmoja akiamka mwenzake anapiga mswaki wa kulala. Walivumilia. Mimi ningekuwa nimeshaoa jirani.

Ilipofika wakati wa posa, rafiki yangu asingeweza kuja. Karatasi zake za Amerika zilikuwa bado jikoni, na akitoka kabla hazijaiva mlango ungefungwa nyuma yake. Ndugu hana hata mmoja Sweden. Ana mimi. Alinipigia akaniambia kaka, ni wewe, na akaongeza kwa sauti ya mtu anayeomba dawa: siku hiyo usifanye utani. Nikamwambia sawa. Ni kama kumwambia mbuzi akae sokoni asitafune.

Shida ilikuwa baba wa binti. Mzee huyo alikuwa anafunga vipuri kwenye kiwanda cha malori, ni shemasi kanisani, na ni mtu anayepiga pasi soksi. Alishamkataa mchumba mmoja mbele ya watu. Kijana wa watu aliulizwa makazi yake, akajibu, "Ulaya tu mzee, hapa na pale." Mzee akamwambia hapa na pale ni pa mbuzi. Akamsindikiza mpaka kituo cha treni kwa heshima zote na akamnunulia tiketi ya kurudia. Na mzee huyo akishakataa haulizwi mara ya pili. Hilo kila Mrundi wa Stockholm alilijua.

Halikuwa jambo la majivuno. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, akiwa na miaka tisa, alitoka kilima chao upande wa Rumonge akikimbia nyuma ya mama yake na kuku kwapani, na hajarudi. Tangu hapo ameishi mahali pa kupewa. Nilishamsikia mwenyewe kanisani akisema binti yake hatampeleka mahali ambapo hakuna anayejua habari zake, kwa sababu mahali pasipo na habari, siku ukifukuzwa hakuna atakayejua kwamba uliwahi kuwepo.

Sasa mimi nitapata wapi kilima cha Aiowa?

Mchana nilikuwa nafanya usafi wa ofisi Hallonbergen na dada mmoja Mkenya. Ana Kiingereza cha chuo, na alikuwa akinicheka Kiswahili changu kana kwamba chake kilishuka na malaika. Nilimwuliza tukiwa tunabadilisha mifuko ya taka: dada, nina posa, Amerika kilima wanakiitaje?

Akaweka mfuko chini.

"Kwani unataka kupanda mlima ama unataka kuoa?"

Nikamweleza. Akasema huko hakuna mambo ya kilima, kuna kaunti, na macho yake yakawaka kama nimemtajia mpira. Kumbe ndiyo mwaka ambao Wakenya walikuwa wanasubiri kaunti zao arobaini na saba, na kwao ndugu walikuwa wanakosana juu ya mji gani uwe makao makuu. Mjomba wake alikuwa haongei na shemeji yake kwa sababu ya mpaka uliopita karibu na mto. Alinieleza kaunti mpaka tukachelewa kupiga deki. Akaniambia hata hapa tuliposimama ni kaunti, Waswidi wanaiita läni. Nikashtuka. Miaka mitatu naishi kwenye kaunti bila taarifa.

Basi akanikubalia. Mara mbili kwa wiki, tukitoka kazini, tulikwenda maktaba ya Fittja, tunaandikisha kompyuta kwa saa moja, yeye anasoma Kiingereza, ananipa Kiswahili, mimi naandika kwenye daftari la mistari. Sijawahi kusoma hivyo shuleni. Mwalimu wangu wa darasa la nne angeniona angetoa sadaka.

Na ile habari, acha nikwambie, ilikuwa tamu. Mimi nilidhani Amerika ilikuja imeshakatwa. Kumbe Aiowa ilianza na kaunti mbili tu, moja kaskazini, moja kusini, zikiutazama mto mkubwa wa Misisipi, na nyuma yake nchi nzima watu walikuwa hawajaigawa kwenye karatasi. Halafu wakawa wanakata. Watu wakiongezeka wanakata tena. Leo ziko tisini na tisa, na ukiiangalia ramani, nyingi ni mraba kama sabuni ya mche iliyokatwa dukani kwa waya, kipande kwa kipande, isipokuwa pale mto ulipokataa kunyooka. Dada akaniambia watu husema kaunti za zamani zilipimwa hivi: mkulima apande farasi asubuhi, afike mahakamani, amalize shida yake, arudi alale kwake. Nikasema hao walikuwa na akili. Mimi kuandikisha anwani tu nilipanda basi mbili na treni, nikarudishwa kwa sababu nilisahau karatasi moja.

Ilikuwepo hata kaunti moja iliyokosa watu, jirani yake akaimeza, jina likafa. Na ilikuwepo miji iliyogombania jengo la mahakama mpaka watu wakataka kushikana mashati. Hapo dada alicheka hadi mkutubi akatutazama juu ya miwani. Akasema afadhali, alidhani ni kwao tu.

Lakini mimi sikutaka kaunti zote tisini na tisa. Nilitaka moja, ya rafiki yangu, na niliijua. Kila nilipompigia kwa miezi kumi na minne, nikimwuliza uko wapi, alijibu, "Niko Tama, kaka." Tama. Kaunti ipo, tuliikuta, mraba mzuri kabisa. Kwa hiyo sikumwuliza zaidi. Msemaji wa posa anatakiwa kuijua nchi ya bwana harusi kama mfuko wake wa shati. Ukianza kumwuliza bwana harusi umeshaaibika kabla ya safari. Dada alinishauri nimpigie tu nihakikishe. Nikamwambia haya mambo ya Kirundi, dada, hamuwezi kuyajua. Maneno hayo ningelipwa kuyarudisha ningeyarudisha bure.

Jina lenyewe lilinitia wasiwasi kidogo, kwa sababu mzee asingekosa kuuliza kama huko watu wanaishi wameshika tama. Ila tulipoendelea kusoma wasiwasi ukaisha. Tama alikuwa chifu wa watu wanaoitwa Wameskwaki, wenyeji wa nchi ile. Karibu wakati uleule wazungu walipoipa kaunti jina la chifu, watu wa chifu wakafukuzwa wakasukumwa magharibi, mpaka Kanzasi. Wengine wakajificha, hawakwenda. Wengine wakaenda, wakaona huko si kwao, wakaanza kurudi kidogokidogo. Walirudi kufanya nini? Walirudi kununua. Waliuza farasi, waliuza na mapambo yao, wakanunua ekari themanini kando ya mto, katika kaunti hiyohiyo, nchi yao wenyewe. Na wapo hapo mpaka leo.

Dada aliposoma hayo hakutafsiri mara moja. Alirudia mstari kwa Kiingereza peke yake. Kisha akanipa Kiswahili, na mimi nikaandika polepole, na sikupata utani wowote wa kuweka pembeni. Nilijua tu kwamba nimeshamwoza rafiki yangu.

Jumamosi ya posa tulipanda treni kwenda Södertälje, mimi na dada. Nilimchukua awe shangazi wa bwana harusi, maana posa bila shangazi ni kama chai bila maji. Akavaa kitenge, akafunga kilemba kirefu hadi kikamsumbua mlangoni mwa treni. Nilimsihi asiongee sana, Kiswahili chake cha Nairobi kingemtaja kabla hajakaa. Akanijibu, "Wewe chunga mdomo wako, wangu nimeuzoea."

Sebule ilikuwa imepangwa pande mbili. Upande wao mzee, mama mwenye nyumba, na kochi jeupe lenye vitambaa vya kufuma. Upande wetu viti vitatu: changu, cha shangazi, na cha bwana harusi, ambaye alikuwa kompyuta. Kompyuta ilikuwa ya binti, kwa sababu ndiyo iliyozoea kumpata rafiki yangu. Binti mwenyewe, kwa mila, alifungiwa chumbani mpaka aitwe. Rafiki yangu alikaa pale kwenye kiti, ndani ya kioo, saa mbili asubuhi ya kwao, koti la suti na tai nyekundu. Chini sijui alivaa nini na sikuuliza. Mama mwenye nyumba alipoleta Fanta aliweka moja mbele yangu, moja mbele ya shangazi, na moja mbele ya kompyuta, na mrija. Heshima ni heshima.

Mzee akaanza kama inavyotakiwa. Akasema anaona tumepotea, nyumba hii haina binti, yeye na mke wake Mungu aliwapa wavulana tu. Chumbani mtu akapiga chafya. Nikasema basi tunaomba tumpose huyo mvulana mwenye chafya nzuri. Mama akaficha uso kwenye kitambaa. Mzee hakucheka, ila sikio lake moja lilisogea.

Akauliza kilima.

Ndugu yangu, nilisimama. Nilianza na mto mkubwa na kaunti mbili. Nikakata nchi kama sabuni ya mche mbele yao, kwa mkono, kipande kwa kipande. Nikampandisha mkulima farasi asubuhi, nikamfikisha mahakamani, nikamrudisha kwa mkewe kabla ya ugali kupoa. Nikawapiganisha wale wa miji miwili. Mama mwenye nyumba aliuliza walipatana lini, nikamwambia mama, watu wa mipaka hawapatani, wanachoka tu. Hapo mzee akatoa kicheko cha pua. Shangazi akanikanyaga mguu kwa furaha.

Kisha mzee akauliza lile lake. "Na kabla ya hao wa farasi, nani alikaa hapo?"

Nikamweleza Wameskwaki. Hapo sikurusha mikono. Nilisema kama ilivyokuwa kwenye daftari: jina lilibaki, wenye jina wakaondolewa, wakarudi, wakauza farasi, wakanunua. Mzee alikuwa na karanga mdomoni, akaacha kutafuna. Akavua miwani.

"Walinunua ardhi yao wenyewe?"

"Walinunua, mzee. Ekari themanini za kuanzia."

"Na hawakufukuzwa tena?"

"Wapo mpaka leo."

Akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Mtu mwenye akili angekaa. Msemaji mwenye akili angesema hayo ndiyo tuliyokuja nayo, tunaomba jibu. Lakini mimi nikiona mtu amekubali, mdomo unataka bakshishi. Nikaongeza. Nikasema kijana wetu huyu mnayemwona hapa kila siku anaamka juu ya ardhi hiyo, akifungua dirisha ni ule mto, akifunga dirisha ni ule mto, hata usingizi wake ni wa Tama.

Mzee akaigeukia kompyuta. Akauliza kwa upole kabisa, sauti ya baba mkwe tayari.

"Ni kweli, mwanangu? Unalala huko?"

Rafiki yangu akajikuna sikio. Nilimjua tangu tukiwa na miaka sita. Akijikuna sikio, kuna sufuria imevunjika mahali.

"Hapana, baba."

Nilidhani kompyuta imekatika. Nikaomba Mungu iwe imekatika.

"Nalala kaunti ya jirani," akasema. "Tama ni kazini."

Ndipo nikaelewa miezi kumi na minne ya simu. Mimi nilikuwa nampigia nikitoka kazini, na kwa saa za kwao hapo yeye ndiyo alikuwa kwenye mapumziko ya asubuhi. Kila nilipomwuliza uko wapi, mtu aliniambia ukweli. Alikuwa Tama. Akimaliza anapanda gari ya mwenzake anarudi kwake, kwenye kaunti ambayo mimi sikuwa nimeisomea hata mstari mmoja.

Mzee akavaa miwani yake. Akaniangalia.

"Kwa hiyo umekunywa Fanta yangu ukisifu shamba la jirani."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nikilikumbuka mpaka leo nafunga macho. Nilitaka kujiokoa. Na mdomo wangu ukitaka kujiokoa hautazami unakanyaga wapi. Nikasema, "Lakini mzee, kulala si kitu. Hata wewe hicho kilima unachokitaja hujakilalia tangu una miaka tisa."

Nilikuwa nimekusudia kumsaidia yeye na mimi, kwamba mtu hahesabiwi kwa kitanda. Haikutoka hivyo. Ilitoka kama kofi. Mama mwenye nyumba aliangalia chini. Shangazi aliacha hata kunikanyaga. Mzee aliangalia chupa yake, na nikaona vidole vyake vinatafuta kifuniko aifunge. Nilijua kinachofuata. Kinachofuata ni kituo cha treni na tiketi ya kurudia.

Nikakaa. 

Aliyesema ni kompyuta.

"Baba, naomba umsamehe," rafiki yangu akasema. "Huyu mdomo wake ulizaliwa kabla yake. Lakini kosa ni langu, sikumweleza."

Huyu ni mtu ambaye kambini akitumwa dukani alikuwa anamsubiri mwenye duka amwulize anataka nini. Sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya watu. Akaongea, polepole, akiangalia chini ya kioo.

Akasema anaishi chumba na sebule, anachangia na Mmeksiko mmoja. Habari za kaunti anayolala hazijui, hata hakujua kama zipo. Akasema Tama anafua mashuka ya hoteli, na hoteli hiyo ni ya haohao Wameskwaki. Nikaanza kupata nguvu. Kisha akasema, "Na baba, hoteli ina chumba cha kamari. Kikubwa sana. Mimi siingii, mashuka yako upande mwingine."

Nikafunika uso. Kamari nilikuwa naijua. Ilikuwa kwenye daftari langu, nimeikata kwa mistari miwili. Naye anaileta kwa shemasi, bila kuulizwa, kama mtu anayemaliza kutoa mizigo kwenye gari.

Mzee hakuiuliza kamari. Aliuliza hao watu wanakaa naye vipi.

Rafiki yangu akasema kuna mzee mmoja wa kwao wanakunja naye mashuka, kila mmoja ameshika ncha zake. Siku ya kwanza yule mzee alimwuliza ametoka wapi. Akamtajia mtaa anaokaa. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema kabla. Akamtajia kambi. Akatikisa tena, akasema kabla ya hapo. Ndipo akamtajia jina la kilima cha baba yake, na yule mzee akamwomba alitaje tena polepole, mpaka akaweza kulisema mwenyewe.

"Akaniuliza kama tutarudi kukinunua."

Mzee akasukuma kando sahani ya karanga. 

"Ukamjibu nini?" mzee akauliza.

"Nilimwambia sijui, baba. Mpaka leo sijui."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Alitikisa kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani kutoka nyumba ya tatu. Akaacha kutafuta kifuniko. Akamwuliza hilo jina la kilima cha baba yake, na rafiki yangu akalitaja, na mzee akasema anakijua, kuna chemchemi upande wa chini, mwamba umekaa hivi. Rafiki yangu akasema chemchemi hajaiona, amesimuliwa tu. Mzee akasema ipo. Akaanza kumweleza njia ya kushukia, pale pa kuteleza, pale walipokuwa wakiacha mitungi, na alikuwa ameinama mbele kuelekea kile kiti hadi magoti yake yakagusa meza. Mimi na shangazi tulikuwa tumeshakuwa samani.

Katikati ya mwamba na mitungi kioo kikafifia. Uso wa rafiki yangu ukawa wa bluu, kisha wa kijivu.  Mzee akamwuliza kama bado yupo. Rafiki yangu akajibu yupo, ila sauti ilikuwa yake na picha ilikuwa ya kivuli chake. Mzee akaniangalia mimi, kana kwamba na hili nimelifanya mimi. Nikainua mikono.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Binti alitoka bila kuitwa. Huo ni mwiko, kwetu bibi harusi anayejitokeza kabla ya jibu ni kama mtu anayejihukumia kesi. Alikuwa amevaa mavazi yake yote ya kuitwa, mashuka mawili ya rangi ya dhahabu yaliyofungwa begani, shanga, nywele zimewekwa juu, na mkononi ameshika waya wa chaji ukiburuta nyuma yake sakafuni. Alifika mpaka kwenye kile kiti, akasimama. Hapo ndipo akakumbuka sisi tupo.

"Nani amekuita?" baba yake akauliza.

"Betri imebaki asilimia tatu, baba."

Mzee akamtazama binti yake. Akatazama waya. Akatazama kiti cha bwana harusi, palipobaki tai nyekundu tu ikionekana kwenye giza, na mbele yake Fanta ambayo hakuna aliyeigusa. Alikaa hivyo muda mrefu, na asilimia tatu si kitu cha kukaa nacho muda mrefu. Mimi nilikuwa naona plagi ilipo, ukutani, nyuma ya kochi, nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Bila yeye kusogea haifikiki.

Akasogea.

"Basi chomeka," akasema.

Mama mwenye nyumba alipiga vigelegele kabla waya haujafika ukutani, na shangazi wa Nairobi akamjibu kwa vigelegele vya kwao, virefu kuliko vya mwenye nyumba, hadi jirani Mswidi akagonga ukuta mara moja, taratibu, kama anayeuliza.